Geuza Viatu, Maliza Wali

Sisi tuliokulia Tanga miaka ile, na wenye umri wangu mtanishuhudia, hatukufundishwa kusalimia na simu. Ukimpita mtu mzima bila shikamoo, hata kama humjui, hata kama anapita zake na baiskeli na gunia la machungwa ya Muheza, alikuwa na haki ya kukusimamisha na kukurudisha ulikotokea, upite upya kama mtoto mwenye kwao. Ulirudi, ukapita tena, ukasalimia, na bado habari ilifika nyumbani kabla yako. Siku hizi ukimkemea mtoto wa mwenzio, mama yake anakutumia ujumbe wa sauti mrefu kuliko hotuba ya ndoa. Atume tu. Mimi nitaendelea kukemea.

Tulikaa Ngamiani, kwenye nyumba ya Bibi, mama yake mama yangu. Ilikuwa nyumba ya ukumbi wa kati, vyumba kushoto na kulia, uani jiko la kuni na mbele baraza ya saruji iliyong'aa kwa makalio ya watu. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi kwa mbaazi za nazi na maandazi ya iliki. Tulikwenda shule na fagio mkono mmoja na kidumu cha maji mkono wa pili, maana darasa lilifagiliwa na wanaolisomea na bustani ilimwagiliwa na wanaoichezea. Jioni ilikuwa rede, kukwepa mpira mpaka vumbi liingie kwenye meno, halafu mdako wa vijiwe barazani, halafu kombolela, na wewe uliyejificha nyuma ya pipa la maji unasahaulika humo mpaka unasikia wenzio wanaitwa kula. Hatukuwa na betri ya kuisha. Tuliisha wenyewe.

Katika nyumba ile ndipo alipokuja kupanga Mwalimu Keiko, Mjapani, msichana mdogo wa miwani, aliyeletwa kufundisha hesabu shule ya sekondari. Siku aliyofika, watoto wa barabara nzima tulijazana dirishani kumwona. Yeye alifika mlangoni, akavua viatu bila kuambiwa na mtu. Kisha akachuchumaa, akavigeuza ncha zitazame barabarani, akavipanga ukutani, akainuka na kuinama mbele ya Bibi mikono ikiwa mapajani. Lazima mjue kwamba Bibi alikuwa na vita vya miaka na wapangaji waliopita na ndala zao ukumbini kwake. Alivitazama vile viatu, akamtazama mgeni, akatutazama sisi na miguu yetu michafu.

"Huyu katoka kwa watu," akasema, na kodi haikujadiliwa tena.

Balaa lilikuja siku ya Idd. Mwalimu Keiko alikaribishwa mkekani pamoja na wanawake wa nyumba, akapewa sahani yake peke yake kwa heshima ya ugeni. Pilau ya Bibi haikuwa ya mchezo, ilikuwa ya nyama ya mbuzi na bizari nzima iliyokaangwa mpaka majirani wanapiga chafya. Mwalimu alikula taratibu, kwa adabu, akamaliza mpaka punje ya mwisho. Sasa kwetu, mgeni akimaliza sahani mpaka ikang'aa anasema jambo moja tu, kwamba bado ana njaa na mwenyeji ni bahili. Bibi akaongeza. Mwalimu akainamisha kichwa, akala, akamaliza. Bibi akaongeza tena, na safari hii akaweka na mnofu. Sisi watoto tuliacha kula tukawa tunaangalia mechi.

Maskini, kumbe kwao kumaliza ndiko kusema nimeshiba, asante, umenipikia vizuri. Kubakisha wali bakulini ni ufedhuli, ni kumwambia aliyelima na aliyepika kwamba wamepoteza muda wao. Kwetu, tonge moja la kubakisha pembeni ya sahani ndilo linalomwambia mwenyeji kuwa chakula kilikuwa kingi na roho imetosheka. Basi wanawake wawili wenye adabu kupindukia wakakaa pale wanaheshimiana mpaka mmoja karibu azimie. Kila mmoja alifanya sawasawa alivyofunzwa na mama yake. Mama yangu ndiye aliyeona jasho linamtiririka mgeni puani, akaiondoa ile sahani bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwalimu Keiko alilala chali mpaka alasiri na Bibi akamkandakanda tumbo kwa mafuta ya nazi.

Baada ya hapo walifundishana. Yeye alifundishwa kubakisha tonge, kuweka mkono juu ya sahani na kusema nimeshiba. Sisi tulifundishwa maneno yake barazani, katikati ya mdako, na wala hayakutushinda, kwa sababu herufi zao zinatamkwa wazi kama zetu, hakuna cha kumung'unya. Asubuhi ni *ohayo gozaimasu*. Mchana *konnichiwa*. Asante ni *arigato gozaimasu*. Kabla ya kula wanasema *itadakimasu*, napokea kwa unyenyekevu, nasi tulisema bismillahi, kila mtu na yake. Wakimaliza, *gochisosama deshita*, kumshukuru aliyehangaika jikoni. *Sumimasen* ni samahani, na ndiyo tuliyoipenda kuliko zote. Mtungi ukivunjika na Bibi akauliza nani kauvunja, tulijibu wote kwa pamoja *sumimasen*, tukapigwa wote kwa pamoja.

Jioni akirudi kazini alisimama mlangoni akasema *tadaima*, nimerudi, na kwao aliye ndani hujibu *okaeri*. Bibi alikataa katakata. Alisema nyumba hii mtu hupiga hodi, huitikiwa karibu, kisha huambiwa pole na kazi, ndipo hukaa. Mama alipomfafanulia ile pole na kazi, Mwalimu Keiko alipiga makofi kama mtoto. Alisema kwao lipo neno hilohilo, *otsukaresama*, la kumpa pole aliyechoka kwa kazi halali, na kwamba amehangaika nalo sana kuwaeleza Wazungu. Bibi hakuhitaji kuelezwa. Toka siku ile Mwalimu alisema pole na kazi na Bibi akajibu *otsukaresama*, kwa lafudhi ya kwao Pongwe.

Miaka miwili baadaye akaondoka. Tanga ndivyo ilivyo, waja leo waondoka leo. Bibi alimfunga doti ya kanga kiunoni mwenyewe, na viatu vyake vilikuwa tayari vimetazama barabarani. Tulilia barabara nzima.

Nimeyatunza maneno hayo kichwani kwa miaka yote, bila matumizi yoyote, kama mtu anavyotunza sahani za harusi. Maisha yalinipeleka kusini, si mashariki. Nilikuja Johannesburg na mume wangu, Mungu amrehemu, tukapanga Troyeville, na mpaka leo nipo hapahapa na jiko langu dogo la kuuza chapati, maharage na pilau ya Ijumaa kwa Watanzania, Wakongo na yeyote mwenye njaa. Zuhura nilimzaa hapa. Ni mwanangu wa pekee.

Alipoanza chekechea, mwalimu wake aliniita, akaniambia kwa upole mkubwa niache kumsemesha mtoto Kiswahili nyumbani kwa sababu kinamchanganya na hakitamsaidia popote. Nilimwambia asante. Nikatoka nje ya geti, nikamwita mwanangu kwa Kiswahili mtaa wote usikie. Alipoingia ndani bila kusalimia nilimtoa nje, akapiga hodi, akaingia upya, akasema shikamoo. Niliporudi nimechoka, aliniambia pole na kazi, Mama. Alikuwa na sauti ndogo kama ya kengele ya baiskeli.

Kisha akakua, akapata wenzake, wakamcheka. Sijui ni siku gani hasa, maana mambo haya hayaagi. Shikamoo ikawa "hi, Ma". Hodi ikawa mlio wa mlango. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, hata matusi, lakini jibu linatoka kwa Kiingereza, au kwa Kizulu akikasirika. Jirani yangu Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu mwenye kiti chake cha kusukia mlango wa tatu kutoka kwangu, aliniambia mara nyingi nijipumzishe.

"Acha mutoto, dada," alisema. "Batoto ba huku beko ba huku." Watoto wa huku ni wa huku, alimaanisha.

Sikuacha. Mimi ni yule mwanamke unayemsikia kwenye basi la jiji anaongea na simu kwa Kiswahili sauti juu. Wenzangu wengi wakipigiwa simu ndani ya basi huikata, au hunong'ona wameziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu hapa lugha yako inaweza kukuitia maneno, na siku mbaya zaidi ya maneno. Nawaelewa na siwalaumu. Nimewahi kuambiwa nirudi kwetu mbele ya watu wote na hakuna aliyeinua macho. Niliendelea na mazungumzo yangu na dada yangu kuhusu bei ya nazi mpaka kituo changu. Sauti ilibaki palepale. Sikulelewa Ngamiani nije kunong'ona uzeeni.

Mwaka huu Zuhura akapata nafasi ya kwenda kusoma Japani mwaka mmoja, kupitia chuo chake cha Braamfontein. Atakaa kwa bibi mmoja mjane anayepokea wanafunzi. Nilipiga vigelegele mpaka Mama Furaha akaja mbio na kitana mkononi akidhani kuna msiba. Lakini nilipokuwa peke yangu nakanda unga, moyo ulishuka. Mtoto ambaye lugha yangu imemtoka akiwa ndani ya nyumba yangu, je, akienda kule itabaki nini? Nilitaka kitu kimoja tu kabla hajapanda ndege. Nilitaka anipe shikamoo yangu, kwa hiari yake, bila kutolewa nje ya mlango.

Nikamwambia aje jikoni nimfundishe Kijapani. Alicheka mpaka akakaa chini. Akanionyesha simu yake, akasema kwa Kiingereza kwamba humo kuna kila kitu, anaelekeza kwenye maandishi inasoma, anaongea inatafsiri, hana haja ya kukariri. Nikamwuliza betri ikiisha? Akasema kuna betri ya kubeba. Nikamwuliza na mikono imejaa mizigo, mvua inanyesha, na bibi wa watu amesimama mlangoni anakusubiri useme neno? Akaweka simu mezani. Nikamkabidhi vitunguu amenye.

Wiki mbili tulifanya hivyo. Yeye anamenya, mimi nasema. Nilimwambia asome maneno yao kama anasoma Kiswahili, asiyakunje mdomoni kama mtu wa redioni, na alipojaribu yakatoka safi, nikaona ameshtuka. Nilimwambia akitaka kuingia nyumba ya mtu kuna *ojama shimasu*, nakuja kukusumbua, ambayo ni hodi hiyohiyo iliyovaa koti. Nikamwambia ukiomba kitu malizia *onegai shimasu*, tafadhali. Kumwita mhudumu, kupita katikati ya watu, kumkanyaga mtu mguu, kote huko *sumimasen* inatosha. Vua viatu mlangoni na uvigeuze. Vaa soksi zisizo na tundu, maana zitaonekana. Ukipewa kitu pokea kwa mikono miwili, kama nilivyokufunza ukakataa. Vijiti vya kulia usivisimike juu ya wali, ndivyo wanavyowawekea marehemu wao. Beba kitambaa chako cha kujifutia mikono na mfuko wa taka zako, utarudi nazo nyumbani, kwani mapipa barabarani ni ya kutafuta. Usimwachie mhudumu bakshishi, atakukimbiza akurudishie. Beba na noti chache, kuna viduka havitaki kadi. Mengine niliyajua kwa Mwalimu Keiko, mengine, sawa, niliyasoma kwenye simu.

Na ndani ya treni kaa kimya. Hapo Zuhura aliacha kumenya akaniangalia. Akaniuliza, tena nusu kwa Kiswahili, kama mimi ningeweza, na sauti yangu ile ya kwenye basi. Nikamjibu ningeweza. Kule wote wananyamaza ili mwenzao apumzike, na hiyo ni adabu. Hapa nanyamazishwa mimi peke yangu, na hiyo naikataa. Aliendelea na vitunguu, macho yanamtoka machozi, sijui ya nini.

Mwisho nikamsimulia ile pilau ya Idd, pengine kwa mara ya mia. Kule, nikamwambia, usibakishe. Maliza bakuli mpaka punje ya mwisho, bibi wa watu asidhani chakula chake umekidharau.

"Eish, Ma, ngiyazi," akasema. Najua, yaani, kwa Kizulu.

Siku ya safari alivaa vizuri, akanikumbatia uwanja wa ndege mpaka mtandio ukaanguka. Mimi nilisimama nikingoja. Nilikuwa tayari hata kuimaliza nusu yake mwenyewe, kama ningesikia "shi" tu. Aliinama kwa mzaha kama Mjapani, akacheka, akasema "bye, Ma", akaingia. Nilirudi Troyeville nikapika maharage yakaungua, na Mama Furaha alikuja akaosha sufuria.

Siku chache zikapita kwa ujumbe na picha. Picha ya kitanda, ya treni, ya mlango wenye viatu vilivyogeuzwa vizuri, navyo vilikuwa vyake. Halafu mchana mmoja nimetoka kununua viungo, nimekaa kwenye basi la jiji maeneo ya Braamfontein, watu wamejaa, simu ikaita. Kule ilikuwa jioni wamekwisha kula. Nikapokea kwa sauti yangu. Dada mmoja mbele akageuka. Nikamsalimia kwa kichwa.

Zuhura alikuwa anaongea haraka, Kiingereza kimechanganyika na Kiswahili chenye kutu. Alisema tangu afike bibi yule anampikia vizuri sana, na kila siku akimaliza kula, bibi anamwangalia bakuli kwa wasiwasi, anamwongezea, au anamwuliza kama wali ni mbaya. Yeye haelewi kosa ni lipi. Viatu anageuza. *Itadakimasu* anasema. Leo ndiyo ameangalia vizuri bakuli lake kabla halijaondolewa, akaona.

"Nabakisha tonge, Mama," akasema. "Kila siku. Pembeni kabisa, kama wewe. Umeniambia nimalize na nilitaka kumaliza. Mkono haukubali."

Nilimtazama yule dada wa mbele, yeye akatazama dirisha. Mtoto aliyezaliwa hapa, asiyewahi kuiona Tanga isipokuwa kwenye picha, amekaa mkekani kwa watu kule mwisho wa dunia, na mkono wake unamheshimu mwenyeji kwa adabu ya nyumba ya Bibi. Hakuna mtu aliyemwagiza. Mwalimu wa chekechea hakuufikia mkono ule, wala waliomcheka shuleni hawakuufikia.

Nikamwambia, "Ukiwa kwake maliza. Ukirudi kwangu bakisha."

Akacheka. Akasema, ngoja kwanza Mama, nimeingia vibaya. Simu ikakatika. Nilidhani ni mtandao, nikaanza kuitikisa kama tulivyotikisa redio za zamani. Ikaita tena. Nikapokea.

"Hodi," akasema. "Shikamoo, Mama."

Alikuwa amejirudisha mwenyewe alikotokea, apite upya.

Zamani pale Ngamiani, ukitoa shikamoo barazani hukujibiwa na mtu mmoja. Bibi aliitikia, mama aliitikia, mshona nguo wa ng'ambo aliitikia na sindano mdomoni, na hata mpita njia asiyehusika aliitikia asije akaonekana hakulelewa. Baraza ile leo imevunjwa, wengi wao wako makaburini, na vijana wanaopita hapo sasa wameinamia simu, hawamwoni wa kumsalimia wala wa kuwarudisha. Na mimi nilikuwa kwenye basi la wageni, katika jiji ambalo watu wangu hujifunza kunong'ona. Nikaketi wima, nikaitikia kwa niaba yao wote, basi zima likageuka.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."